Kuutambua mti usioujua kwa majani na alama zake nyingine: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu zaidi miti ya Tanzania na Kenya: ya pwani, ya miombo, ya nyika na ile iliyopandwa mijini na mashambani. Huhitaji vifaa vingi. Rula, kisu kidogo, kamba ya kupimia na kioo cha kukuzia kinachokuza mara 10 vinatosha kabisa.

Nimeokota jani moja chini ya mti. Linatosha?

Mara chache sana. Mgrevilea, kwa mfano, utaujua kwa jani moja tu, kwa kuwa limechanwachanwa na upande wa chini linang'aa rangi ya fedha. Lakini kwa miti iliyo mingi, jani lililokwisha kudondoka limepoteza habari iliyo muhimu kuliko zote, yaani jinsi lilivyokaa kwenye kitawi. Tena huna hakika kama ni la mti huo au limepeperushwa kutoka kwa jirani.

Kata kitawi cha sentimita 20 hadi 30, ncha yake ikiwa nzima na kikiwa na majani yasiyopungua matano. Geuza majani mawili ili upande wa chini uonekane kwenye picha. Kama kuna ua, tunda au ganda la mbegu, hata lililokauka mwaka jana, lichukue pia.

Nianze kuangalia nini?

Mpangilio wa majani kwenye kitawi. Watu wengi hukimbilia umbo la jani, na hapo ndipo wanapopotea, maana umbo la yai lenye ncha linapatikana kwenye mamia ya miti isiyo na undugu wowote.

Majani yakitoka mawili mawili, moja likimwelekea mwenzake, umekwisha kuondoa miti mingi sana kwenye orodha yako. Hivyo ndivyo ulivyo mpera, mzambarau, mkarafuu, mkahawa, mdalasini kwa kawaida, na msaji. Yakitoka moja moja kwa kupishana, unaweza kuwa kwenye jamaa ya mwembe, mchungwa, mvule au mkuyu. Machache hutoka matatu au manne pamoja kuzunguka kitawi, kama mmakadamia.

Tahadhari moja: usiamue kwa kuangalia ncha ya tawi pekee. Mkungu hurundika majani yake mwishoni mwa tawi hadi yaonekane kama ua, lakini ukiyachambua utaona kila moja limetoka mahali pake. Chunguza sehemu ya kitawi ambayo majani yameachana.

Majani yakitazamana na kingo zake hazina meno, angalia pia katikati ya vikonyo viwili, pale kwenye shina la kitawi. Ukikuta kigamba kidogo cha pembetatu kinachounganisha pande hizo mbili, huo ni mti wa jamaa ya mkahawa. Alama hiyo haichoshi kuitafuta, na huokoa muda mwingi.

Nitajuaje kama ninaloliona ni jani zima au ni kijani tu, sehemu ya jani kubwa?

Tafuta chipukizi. Kila jani lina chipukizi kwenye kwapa lake, pale kikonyo kinapokutana na kitawi. Kijani hakina.

Chukua kitawi cha mwarobaini. Anza na kile unachodhani ni jani, kipande kirefu chenye meno. Fuata kikonyo chake kifupi hadi mwisho na utazame kwapani kwa kioo: hakuna kitu. Sasa fuata ule uti uliovibeba vipande vyote hadi unapogusana na tawi. Hapo utakuta kichipukizi kidogo, na sehemu ya chini ya uti imevimba kidogo. Kwa hiyo uti wote pamoja na vipande vyake ni jani moja. Likizeeka litadondoka zima na kuacha kovu moja kwenye tawi.

Ukikosea hapa, hatua zote zinazofuata zitakuwa za mti mwingine. Utasema majani yanatazamana kumbe ni vijani vinavyotazamana, na mti wenyewe majani yake yanapishana.

Mwarobaini na mmelia naitofautishaje?

Swali hili lina uzito, kwa sababu watu huchemsha majani na kunywa. Mmelia (*Melia azedarach*), ambao wengine huuita mwarobaini nusu, matunda yake ni sumu kwa binadamu na kwa nguruwe.

Jani la mwarobaini (*Azadirachta indica*, wengine pwani husema mkilifi) limegawanyika mara moja: uti mmoja, vijani pande mbili, basi. Kila kijani kimepinda kama mundu na kitako chake hakilingani, upande mmoja ni mpana kuliko wa pili. Jani la mmelia limegawanyika mara mbili au hata tatu, yaani uti mkuu una matawi, na matawi hayo ndiyo yanayobeba vijani. Maua ya mwarobaini ni meupe. Ya mmelia yana rangi ya zambarau hafifu. Matunda ya mmelia ni ya mviringo kama gololi, ya manjano, na hubaki yakining'inia hata mti ukipukutisha majani. Tunda la mwarobaini limerefuka kidogo kama zeituni.

Kama bado una shaka baada ya kuangalia mgawanyiko wa jani, usinywe.

Na mkrismasi na mjakaranda? Bila maua naona ni mti uleule.

Yote miwili ina majani yaliyogawanyika mara mbili yenye vijani vidogo vidogo, lakini majani ya mjakaranda yanatazamana na ya mkrismasi yanapishana. Vijani vya mjakaranda vina ncha kali, na kile cha mwisho ni kirefu kuliko wenzake. Vya mkrismasi vina ncha butu. Ukipata tunda, kazi imekwisha: mkrismasi una ganda refu kama upanga, sentimita 30 hadi 60, na mjakaranda una tunda gumu bapa la duara linalotosha kiganjani.

Kwenye jani lenyewe nichunguze nini?

Ukingo (una meno au laini), ncha, kitako, mishipa, manyoya na vitone. Kati ya hivyo, mishipa na vitone ndivyo vinavyosahaulika, na ndivyo vinavyosema mengi.

Mishipa mitatu mikubwa inayoanzia karibu na kitako hupunguza orodha mara moja. Mdalasini unayo, na ukiponda jani utanusa. Mkunazi unayo pia, lakini jani lake ni jeupe upande wa chini na kitawi kina miiba. Mtondoo una mishipa midogo mingi iliyokaribiana sana na kunyooka sambamba kama mistari ya daftari.

Vitone huonekana ukiinua jani kuelekea jua. Vijishimo vinavyopitisha mwanga ni vifuko vya mafuta. Vikiwepo na majani yanapishana, fikiria mchungwa na ndugu zake mlimau na mdimu, kisha hakikisha kwa kutafuta kiungo kati ya kikonyo na bapa la jani, na mbawa nyembamba kandokando ya kikonyo. Vikiwepo na majani yanatazamana, fikiria jamaa ya mpera, mzambarau na mkarafuu.

Ukubwa wa jani usiuamini sana. Majani ya kivulini huwa mapana kuliko ya juani kwenye mti huohuo, na machipukizi ya kisiki kilichokatwa hutoa majani makubwa kupita kiasi. Pima majani matano ya tawi lililokomaa, usipime lililo kubwa kuliko yote.

Utomvu nauangaliaje?

Vunja kikonyo cha jani bichi, subiri sekunde kama kumi, angalia rangi. Maziwa meupe yanapatikana kwa mkuyu, mvule na mfenesi. Ukipata maziwa, tazama pia kitawi: kama kila jani limeacha pete inayozunguka kitawi chote, na ncha imefunikwa na ala iliyochongoka, upo kwenye jamaa ya mikuyu. Mninga hutoa utomvu mwekundu kama damu gome likichubuliwa.

Wakati wa kiangazi utomvu hupungua na waweza usiuone kabisa, kwa hiyo kutouona si ushahidi. Jaribu kikonyo changa, na jaribu asubuhi.

Maziwa ya mnyaa yakiingia jichoni huunguza vibaya. Osha kwa maji mengi safi na uende hospitali mara moja. Msunguti (*Acokanthera*), mti ambao sumu ya mishale hutengenezwa kwao, nao una maziwa meupe, majani magumu yanayotazamana na matunda ya zambarau. Kwa sababu hiyo hatumshauri mtu yeyote kuonja jani, gome wala tunda la mti asioujua. Nusa tu, na unawe mikono.

Harufu inasaidia kweli?

Sana, ila lazima uponde jani bichi kati ya vidole. Mkaratusi, mdalasini, mchungwa na mwembe hujitambulisha hapo hapo. Mstafeli nao una harufu kali usiyoisahau. Andika harufu kwa maneno yako papo hapo, kwani kwenye jani lililokauka mara nyingi hupungua.

Gome linaweza kutosha peke yake?

Kwa miti michache. Mgunga wa gome la manjano (*Vachellia xanthophloea*) unaoota karibu na maji huonekana kutoka mbali, na mbuyu hauhitaji maelezo. Mpera una gome laini linalobanduka vipande vyembamba na kuacha madoa ya rangi tofauti. Mninga mkubwa una gome jeusi-jeusi lililopasuka vipande vya mraba.

Tatizo ni kwamba gome hubadilika kwa umri. Mti wa sentimita 10 za kipenyo una gome laini, na wa aina hiyohiyo wenye sentimita 60 umepasuka kila mahali. Andika daima ukubwa wa mti pamoja na maelezo ya gome: zungusha kamba kwenye shina mita 1.3 kutoka chini, kisha gawa kwa 3.14. Mzunguko wa sentimita 157 ni kipenyo cha sentimita 50.

Ukihitaji kuona rangi ya ndani, sentimita 2 au 3 zinatosha, upande mmoja tu. Usizungushe kisu kwenye shina. Mti uliokatwa gome kuuzunguka hufa, kwa sababu chakula kutoka majanini hakishuki tena mizizini. Kwenye hifadhi ya msitu pata kibali kwanza.

Mti wangu una miiba. Ni mgunga?

Huenda, huenda si mgunga. Mpingo una miiba ambayo kwa hakika ni vitawi vifupi vilivyochongoka, na vingine hubeba majani. Mjunju una miiba mirefu ya kijani na kila jani lina vijani viwili tu. Mkunazi una miiba ya jozi, mmoja umenyooka na mwingine umepinda. Hata mlimau una miiba.

Migunga yenyewe huanza kugawanywa kwa miiba. Miiba mirefu, imenyooka, miwili miwili kwenye kitako cha jani ni kundi la *Vachellia*. Miiba mifupi iliyopinda kama kucha za paka ni kundi la *Senegalia*, alimo kikwata na mgunga utoao gundi, *Senegalia senegal*, ambao kucha zake hukaa tatu tatu. Kisha angalia hivi:

- Miiba iliyonyooka na iliyopinda kwenye mti mmoja, makaka ya mbegu yaliyojisokota: *Vachellia tortilis*.
- Vitako vya miiba vimevimba kama mipira na kukaliwa na sisimizi, mti mfupi kwenye udongo mweusi wa mbuga: *Vachellia drepanolobium*.
- Mti mkubwa wenye majani mabichi wakati wa kiangazi, unaopukutisha mvua zikija, makaka ya rangi ya chungwa yaliyojikunja: *Faidherbia albida*.

Vitabu vya zamani huiita yote *Acacia*. Jina hilo lilibakizwa kwa miti ya Australia kwa uamuzi wa mkutano wa kimataifa wa wanabotania wa Vienna mwaka 2005, ukathibitishwa Melbourne mwaka 2011. Ukikuta majina mawili kwa mti mmoja, sababu ni hiyo.

Kwenye miombo kila mti unafanana na mwenzake. Nifanyeje?

Hesabu jozi za vijani, na uangalie ni jozi ipi iliyo kubwa kuliko zote. Miti miwili inayochanganywa zaidi ni *Brachystegia spiciformis*, ambao sehemu nyingi za Tanzania huitwa mtundu, na *Julbernardia globiflora*. Mtundu kwa kawaida una jozi nne, na jozi ya mwisho, ile ya nchani, ndiyo kubwa. *Julbernardia* una jozi tano au sita kwa kawaida, na za katikati ndizo kubwa, kwa hiyo jani zima linakuwa jembamba pande zote mbili. Pitisha kioo kwenye ukingo wa kijani: *Julbernardia* ina mstari wa vinyweleo vidogo. Makaka yake ya kahawia yenye manyoya hukaa juu ya majani, unayaona ukiwa mbali. Ya mtundu ni laini na mengi hujificha ndani.

Hesabu majani yasiyopungua kumi kabla ya kuamua. Jani moja lenye jozi tano linaweza kutoka kwenye mti wowote kati ya hiyo miwili.

Usiyatumie majani machanga ya kabla ya mvua, yale mekundu yanayoipendezesha miombo yote. Hayajafikia umbo lake.

Mikoko je? Majani yote ni manene na yanang'aa.

Hapa anza na mizizi, majani yafuate.

Mkoko wenyewe (*Rhizophora mucronata*) umesimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu, na jani lake lina kincha kigumu na vitone vyeusi upande wa chini. Mchu (*Avicennia marina*) umezungukwa na vijizizi vyembamba kama penseli vilivyochomoza kwenye tope, na chini ya jani ni kijivu-cheupe. Ukilamba vidole baada ya kulishika utaonja chumvi, na hili ni jaribio pekee la kuonja tunalolikubali, kwa mti ambao mizizi yake umekwisha kuitambua. Mlilana (*Sonneratia alba*) una vijizizi vinene vya umbo la pia. Msindi, ambao pia huitwa muia (*Bruguiera gymnorhiza*), mizizi yake hupinda juu kama goti, na kikombe cha ua lake ni chekundu chenye vidole vingi. Mkandaa (*Ceriops tagal*) una majani yenye ncha ya mviringo na chipukizi jembamba lenye mbavu. Mkomafi (*Xylocarpus granatum*) una jani lenye vijani, tunda kubwa kama mpira, na mizizi bapa inayojinyonganyonga juu ya tope. Msikundazi (*Heritiera littoralis*) hukaa upande wa nchi kavu, na jani lake chini linang'aa kama fedha.

Mahali mti uliposimama pia ni ushahidi. Mlilana hupenda upande wa bahari, penye maji mengi.

Mvinje una majani ya sindano?

Hapana. Hizo sindano ni vitawi. Shika kimoja ukivute taratibu: kitakatika kwenye kiungo. Kwenye kila kiungo kuna vimeno vidogo sana vilivyopangwa duara, kwa kawaida saba, na hivyo ndivyo majani yake.

Ni kiangazi, mti hauna hata jani moja.

Tazama makovu ya majani kwenye vitawi (yanatazamana au yanapishana?), miiba, gome na matunda ya mwaka uliopita. Mninga huacha matunda yake yakining'inia kwenye matawi matupu: duara bapa lenye ubawa kuzunguka, na katikati pana nywele ngumu zinazochoma. Ukiliona hilo huhitaji jani. Majani makavu yaliyo chini ya mti yatumie kwa tahadhari, na yaamini pale tu yanapofanana na makovu ya juu.

Majani ya mche hayafanani na ya mti mkubwa uliotoa mbegu. Nimeuziwa mche mwingine?

Si lazima. Mche wa mbuyu huanza na majani ya bapa moja, kisha baadaye hutoa yale ya vidole. Mvule mchanga una majani yenye meno na manyoya, wakati mti mzima una majani laini yasiyo na meno. Mfenesi mchanga hutoa majani yenye mikato mikubwa. Aina nyingi za mkaratusi huanza na majani mapana yanayotazamana, kisha hugeuka membamba yanayopishana. Subiri mche ufikie angalau mita moja au mbili kabla ya kulalamika kwa muuzaji.

Wazee wamenipa jina la mti. Si linatosha?

Ni mwanzo mzuri na liandike, pamoja na lugha na kijiji. Lakini jina moja hubeba miti mingi (mgunga ni mfano), na mti mmoja hubeba majina mengi. Waulize pia matumizi yake, msimu wa maua na wanyama wanaoula. Mara nyingi majibu hayo hutenganisha aina mbili ambazo jina limeziunganisha.

Programu za simu zinaaminika?

Zitumie kupata jina la kuanzia. Pl@ntNet na iNaturalist hufanya vizuri kwa miti iliyopandwa mijini, na huyumba kwenye migunga, miombo na mikuyu, ambako tofauti iko kwenye mwiba, kwapa au kaka la mbegu lisiloonekana pichani. Piga picha tofauti: mti mzima, gome kwa karibu, kitawi chenye mpangilio wa majani, jani mbele na nyuma pamoja na rula, na ua au tunda. Kisha chukua jina ulilopewa ukalilinganishe na alama moja moja. Alama moja isiyolingana, kama majani yanayotazamana pale yanapopaswa kupishana, yatosha kulikataa.

Nikishindwa kabisa, nimpelekee nani?

Peleka kielelezo kilichokaushwa kwenye hebaria, yaani mahali panapohifadhiwa mimea iliyokaushwa: Hebaria ya Taifa ya Tanzania iliyopo Arusha, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Hebaria ya Afrika Mashariki kwenye makumbusho ya taifa Nairobi, au ya Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Wataalamu huhitaji ua au tunda. Bila hayo mara nyingi wataishia kukupa jina la jamaa tu.

Kata kitawi kisichozidi sentimita 40 kwa 25. Kilaze ndani ya gazeti, jani moja likiwa limegeuzwa, kisha weka kati ya maboksi bapa na ukandamize kwa mawe au mkanda. Badilisha magazeti kila siku kwa siku nne au tano za mwanzo. Wengi huharibu kazi kwa kufunga kitawi kwenye mfuko wa plastiki na kukiacha siku mbili: unyevu huleta ukungu, na majani huanguka yote, nawe ukabaki na fimbo.

Ambatanisha karatasi yenye tarehe, mahali, mwinuko, aina ya udongo, urefu na kipenyo cha mti, utomvu, harufu, jina la kienyeji, na hasa rangi ya maua, ambayo hupotea yakikauka. Tengeneza vielelezo viwili vya mti mmoja na uvipe namba moja, kimoja ubaki nacho, ili jina likirudi kutoka hebaria ujue ni la kitawi kipi. Tunda lenye maji mengi lipasue katikati, likaushe peke yake, ulifunge kwenye bahasha yenye namba hiyohiyo.